Kiti Kikiwa Wazi: Mjadala juu ya Halmashauri ya Walei katika Parokia ya Auburn

Katika makanisa ya mapokeo ya Kianglikana, ambayo Marekani na Uskoti yanajulikana kama makanisa ya Kiepiskopali kwa kuwa yako chini ya maaskofu, parokia haiongozwi na kasisi peke yake, bali kando yake hukaa chombo cha walei, yaani waumini ambao hawakupewa daraja la ushemasi, ukasisi wala uaskofu. Marekani chombo hicho ni baraza lenye dhamana ya kisheria juu ya mali ya parokia, na ndilo linalomchagua kasisi. Uingereza na Afrika Mashariki huitwa halmashauri ya parokia. Na Sydney, nchini Australia, kazi yake imegawanywa kati ya halmashauri ya parokia na wasimamizi watatu wa kanisa, ambao ndio wanaobeba dhamana ya fedha, majengo na hesabu. Je, chombo hiki kimewekwa ili kitawale, ili kishauri, au ili kitunze tu kilichokabidhiwa? Wasemaji watatu wanaofuata ni wa kubuniwa, lakini sheria, watu na matukio wanayoyataja si ya kubuniwa.

Auburn ni kitongoji cha magharibi mwa Sydney, katika eneo la Baraza la Jiji la Cumberland lililoundwa mwaka 2016, na si mahali ambapo Uanglikana unaweza kujidai kuwa dini ya wenyeji. Katika sensa ya 2021 Uislamu ndio uliokuwa na wafuasi wengi kuliko dini nyingine yoyote kitongojini hapo, na jengo la ibada linalojulikana zaidi ni Msikiti wa Gallipoli, uliojengwa na Waturuki na kukamilika mwaka 1999. Miongoni mwa wakimbizi na wahamiaji waliofika magharibi mwa Sydney tangu miaka ya 2000 wamo Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, na baadhi ya Wakristo miongoni mwao wamelelewa katika makanisa ya Kianglikana ya nyumbani kwao, ambako mzee wa kanisa anajulikana hata na mtoto. Parokia ya mahali kama hapo haiwezi kuichukulia halmashauri yake kuwa jambo la mazoea tu, kwa sababu swali la nani anaketi mezani ni swali la kanisa lenyewe ni la nani.

Mtetezi wa Halmashauri. Ndugu wasemaji, ni vyema kuanza na kanuni kabla ya maoni. Dayosisi ya Sydney huongozwa na sinodi, yaani mkutano wa askofu, makasisi na wajumbe wa walei unaotunga kanuni za kanisa, na kanuni inayohusika hapa ni ile ya uendeshaji wa parokia ya mwaka 2008. Kwa kanuni hiyo, kati ya wasimamizi watatu wa kanisa, wawili huchaguliwa na waumini katika mkutano mkuu wa mwaka na mmoja huteuliwa na kasisi, na mpangilio huohuo wa kuchagua wengi na kuteua wachache unaonekana pia katika halmashauri ya parokia, ambamo wajumbe waliochaguliwa na waumini huwazidi wale ambao kasisi anaruhusiwa kuwateua. Wasimamizi ndio wanaopokea sadaka, wanaoziweka benki, wanaotunza jengo, wanaokata bima na wanaosimama mbele ya mkutano mkuu kusoma hesabu zilizokaguliwa. Kasisi anaongoza vikao, lakini hawezi kuifanya hazina ya parokia kuwa mfuko wake. Hata ardhi yenyewe haimo mikononi mwake, kwani kwa sehemu kubwa mali ya parokia za Sydney imeandikishwa kwa jina la Anglican Church Property Trust, chombo cha wadhamini kilichotokana na sheria ya jimbo la New South Wales ya mwaka 1917, kwa namna ambayo Mtanzania ataitambua mara moja akikumbuka baraza la wadhamini waliosajiliwa linaloshika hati za viwanja vya dayosisi. Tena jambo hili si uzushi wa wanasheria wa kisasa. Kipriani, askofu wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini ya karne ya 3, aliwaandikia makasisi wake kwamba tangu mwanzo wa uaskofu wake alikusudia kutotenda lolote kwa rai yake peke yake, bila ushauri wao na bila ridhaa ya watu.

Mtetezi wa Kasisi. Kipriani ni shahidi mzuri, lakini ridhaa ya watu ni kitu kimoja na utawala wa wachache kwa jina la watu ni kitu kingine, na historia imevichanganya mara nyingi. Mfano unaotisha kuliko yote ni Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, ambako katika karne ya 17 baraza la parokia lilipewa idadi ya watu kumi na wawili, na watu hao wakawa na desturi ya kujaza wenyewe nafasi iliyoachwa na mwenzao aliyefariki au kuhama, bila kuwauliza waumini. Walikuwa wenye mashamba ya tumbaku na wamiliki wa watumwa. Kwa kuwa ilikuwa vigumu kumwondoa kasisi aliyekwisha kuthibitishwa na gavana, mabaraza mengi yaliahirisha tu kumpeleka kwa gavana, yakamweka kwa mapatano ya mwaka hadi mwaka, naye akajua kwamba mahubiri yatakayowaudhi wenye mashamba ndiyo yatakayomnyima mkate. George Washington mwenyewe alikuwa mjumbe wa baraza la parokia ya Truro kuanzia mwaka 1762. Kasisi aliyeajiriwa na wamiliki wa watumwa angewezaje kuwahubiria watumwa hao kuwa ni ndugu wa bwana wao? Wala New South Wales haikuwa safi, kwa maana sheria ya mwaka 1837 iliyopanga mambo ya mali za Kanisa la Uingereza katika koloni hilo iliwapa sauti katika kuwachagua wasimamizi wale waliolipia viti vyao kanisani, na aliyesimama nyuma kwa kukosa ada alisikiliza Injili lakini hakuwa na kura. Ndiyo sababu kanuni za leo za Sydney zinamlinda kasisi: halmashauri haiwezi kumfukuza, wala haiwezi kumwamuru ahubiri nini.

Hoja hii ya Virginia ni nzito kuliko zote zitakazosikika katika mjadala huu, na mtetezi yeyote wa walei anayeipita kimyakimya hafai kuaminiwa. Inaonyesha kwamba kumwondolea kasisi madaraka si sawa na kuwapa watu madaraka hayo, kwani kati ya kasisi na watu daima yupo mwenye mali, mwenye elimu au mwenye ukoo mkubwa, ambaye kiti cha halmashauri humfaa kuliko kinavyomfaa mkulima au mfua nguo.

Mtetezi wa Halmashauri. Virginia haikanushiki, lakini si mfano pekee, na kwa wasomaji wa Kiswahili upo mwingine ulio karibu zaidi. Mwaka 1885, katika Mengo, mji mkuu wa ufalme wa Buganda, wamisionari wa Kianglikana, Alexander Mackay akiwa miongoni mwao, waliwachagua Waganda kadhaa wa kiume kuwa halmashauri ya kanisa, wote wakiwa walei, kwa sababu waliona dalili kwamba Kabaka, yaani mfalme, Mwanga angeweza kuwafukuza wazungu wakati wowote. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda, mwaka 1886 wafiadini wengi waliteketezwa Namugongo, mwaka 1887 Mackay akalazimika kuondoka Mengo, na mwaka 1888 hakubaki mmisionari hata mmoja katika mji mkuu. Kanisa lilibaki na nani? Lilibaki na wale walei, waliowakusanya waumini usiku katika nyumba zao, waliowasomesha wanafunzi wa ubatizo, na waliokimbia pamoja nao hadi Ankole. Kasisi hakuwapo, askofu hakuwapo, na sakramenti ya meza ya Bwana haikuwezekana, lakini kanisa halikufa. Hapo ndipo halmashauri ilipopimwa, si katika mwaka wa amani ambapo kazi yake ni kuidhinisha rangi ya mlango.

Na kilichofuata kinafundisha zaidi. Askofu Alfred Tucker alipopendekeza katiba ya Kanisa la Uganda mwaka 1897, alitaka wamisionari wa Ulaya na Waganda wawe katika kanisa moja chini ya sinodi moja, na waliopinga hawakuwa Waganda, bali ni wamisionari wenyewe, ambao hawakupenda kuwekwa chini ya chombo ambamo wangeweza kushindwa kwa kura na watu waliowabatiza. Ilichukua hadi mwaka 1909 katiba kupitishwa, tena ikiwa imepunguzwa makali. Henry Venn, katibu wa shirika la kimisionari la CMS huko London kuanzia mwaka 1841, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kanisa changa halina budi kujitawala, kujitegemea kwa mali na kujieneza lenyewe, na shirika lake lilikiri fundisho hilo kwa midomo kwa miaka hamsini kabla ya kutakiwa kulitenda.

Mtetezi wa Kasisi. Walei wa Mengo wanastahili heshima hiyo yote, ila historia yao isikatwe katikati. Mateso yalipokwisha na chama cha Waprotestanti kikashika nguvu Buganda, wazee wa kanisa wakawa ndio wakuu wa serikali: Nikodemo Sebwato alikuwa mtawala wa Buddu kwa cheo cha Pokino, na Apolo Kagwa, Katikiro au waziri mkuu wa Kabaka, alikuwa na sauti katika mambo ya kanisa ambayo mkulima wa kawaida asingethubutu kuipinga. Halmashauri iliyookoa kanisa ilipokuwa maskini ikawa, ilipotajirika, mlango wa pili wa ikulu. Je, hiyo si Virginia nyingine, tofauti ikiwa ni kwamba mashamba yalikuwa ya migomba badala ya tumbaku? Na nchini Kenya jambo hilohilo limeonekana kwa sura ya harambee, kiasi kwamba mwezi Septemba mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia katika ibada za Kianglikana. Halmashauri inayodaiwa mabati na saruji ni dhaifu mbele ya mgeni mwenye bahasha. Katazo lilitoka kwa askofu. Halikutoka kwa halmashauri.

Msemaji wa Wageni. Ndugu hawa wawili wanabishana kana kwamba viti vya halmashauri vimekwisha kukaliwa na kilichobaki ni kuamua waliokalia wana nguvu kiasi gani. Auburn inauliza jambo la mwanzo kuliko hilo. Mama aliyefika kutoka Bukavu nchini Kongo baada ya miaka ya kambini Tanzania au Uganda, ambaye huko alikuwa kiongozi wa akina mama na watu wakamwamkia kwa heshima, anaingia katika kanisa la Sydney na kukuta kwamba uzee wa kanisa hautokani na umri wala na sifa ya mwenendo mrefu unaojulikana na jirani, bali unatokana na kujaza fomu ya kupendekezwa, kuwa na mpendekezaji na muungaji mkono, na kupigiwa kura katika mkutano unaoendeshwa kwa Kiingereza cha haraka. Hesabu za mwaka husambazwa zikiwa jedwali. Bima, marekebisho ya jengo, tozo ambazo kila parokia hulipa kwa dayosisi, kiwango cha chini cha posho ya kasisi kinachopendekezwa na Kamati ya Kudumu ya Sinodi: hayo yote ni mambo ambayo mtu mwenye akili timamu na imani kubwa anaweza kukaa miaka mitano bila kuyaelewa, si kwa ujinga wake, bali kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa lugha yake.

Mtetezi wa Halmashauri. Lakini mlango wenyewe haujafungwa. Anayehesabiwa kuwa muumini wa parokia mwenye haki ya kupiga kura ni mtu mzima anayehudhuria ibada kwa kawaida. Haulizwi paspoti wala mshahara. Mkimbizi ambaye bado si raia wa Australia hawezi kupiga kura ya kuwachagua madiwani wa Cumberland, lakini anaweza kumchagua msimamizi wa kanisa, na anaweza kuchaguliwa yeye mwenyewe.

Msemaji wa Wageni. Ni kweli, na ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu kwa baadhi ya watu hao kura ya kanisani itakuwa ndiyo kura ya kwanza kuhesabiwa kwa haki katika maisha yao. Vilevile Sydney haiwapi wanawake ukasisi, ingawa imewapa ushemasi tangu mwaka 1989, kwa hiyo kwa mwanamke mhamiaji usimamizi wa kanisa na ujumbe wa halmashauri ni kati ya nafasi chache za mamlaka zilizo wazi kwake katika dayosisi hiyo. Lakini mlango usiofungwa si sawa na mlango unaopitika. Mtu anayefanya zamu ya usiku katika ghala au katika nyumba ya kutunzia wazee hawezi kufika kwenye kikao cha jioni, na asiyefika mara tatu huhesabiwa kuwa hapendi. Aidha kuna suala la fedha ambalo Mtetezi wa Kasisi amelisema kwa habari ya zamani na halikuisha zamani. Parokia ya Sydney ambayo mapato yake hayafikii kiwango kilichowekwa inaweza kushushwa hadhi na kuwa parokia ya muda, na parokia za wahamiaji ndizo ambazo waumini wake hutuma nusu ya akiba yao kwa ndugu walioko Goma na katika kambi ya Nyarugusu. Ada ya viti imefutwa, ila kipimo cha fedha kimehamia kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa parokia nzima.

Mtetezi wa Kasisi. Hilo halijibiwi kwa kuiongezea halmashauri nguvu. Hujibiwa na kasisi mwenye uhuru wa kumteua, katika ile nafasi moja ya usimamizi aliyopewa na kanuni, mtu ambaye wengi wasingemchagua kwa kuwa hawamjui. Kura huwapendelea wanaojulikana. Uteuzi unaweza kumwinua asiyejulikana. Mgeni wa Auburn huenda akafika mezani kwa mkono wa kasisi kabla ya kufika kwa kura.

Hapa Mtetezi wa Kasisi anasema jambo ambalo upande wa halmashauri haukulitazamia, na mwenye kufuatilia mjadala huu kwa haki hana budi kukiri kwamba nafasi ya kuteuliwa, ambayo kwa kawaida hulaumiwa kuwa njia ya kasisi kujiwekea rafiki, inaweza kuwa chombo cha haki. Inategemea kasisi. Na kila kinachotegemea hiari ya mtu mmoja huondoka naye anapohama.

Msemaji wa Wageni. Basi na izungumzwe siku anapohama. Katika Sydney, mkutano mkuu uleule wa mwaka unaowachagua wasimamizi ndio unaowachagua wapendekezaji watano wa parokia, ambao kazi yao hulala usingizi hadi kiti cha kasisi kibaki wazi, na hapo ndipo wanapoketi pamoja na wapendekezaji wa dayosisi na kupeleka kwa Askofu Mkuu jina la anayefaa kuitwa. Kasisi anayeondoka hana nafasi katika kumchagua atakayemrithi. Wakati huohuo wasimamizi wanaendelea kushika fedha na funguo, na mahubiri hutolewa na kasisi wa muda ambaye hajui nani amefiwa na nani amejifungua. Kwa miezi hiyo parokia ya Auburn hufanana na Mengo ya 1888 kwa jambo moja tu, kwamba kumbukumbu ya kanisa imo vichwani mwa walei. Ikiwa wale watano wote wanatoka katika familia zilizozaliwa Australia na zinazozungumza Kiingereza, sifa za kasisi mpya zitaandikwa kwa mahitaji wanayoyaona wao, na mama wa Bukavu atakuwa sehemu ya takwimu katika maelezo ya parokia, badala ya kuwa mmoja wa walioyaandika.

Mtetezi wa Halmashauri. Kwa hiyo msemaji anataka viti maalumu vitengwe kwa kila lugha?

Msemaji wa Wageni. Hapana, kwa sababu viti maalumu humfanya mtu kuwa balozi wa kabila lake, na msimamizi wa kanisa ni wa parokia nzima. Apolo Kivebulaya, aliyepeleka Uanglikana Boga katika Kongo mwaka 1896, alikuwa Mganda miongoni mwa watu wasio wake, tena mlei wakati huo, kwa kuwa ushemasi aliupata mwaka 1900, na hakwenda kuwawakilisha Waganda. Kinachotakiwa ni kidogo na ni kigumu zaidi: tangazo la mkutano mkuu lisomwe pia kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosemwa parokiani, hesabu zielezwe kwa mdomo kabla ya kupigiwa kura, na mjumbe mpya akae mwaka mzima karibu na mhazini ili ajifunze kazi.

Mtetezi wa Kasisi. Hakuna neno katika kanuni ya 2008 linalozuia hayo. Lakini hakuna pia linaloyalazimisha, na halmashauri iliyopo ndiyo itakayoamua kama fedha za mkalimani zinaingia katika bajeti. Yaani walioko mezani ndio watakaopiga kura kuhusu kuwaleta wasioko.

Mtetezi wa Halmashauri. Nao watapiga kura hiyo hadharani, na itaandikwa katika kumbukumbu za kikao, ambazo muumini anaweza kuziulizia. Virginia haikuwa na hilo.

Msemaji wa Wageni. Kumbukumbu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza.